Chuma cha Gurudumu la Mbele

Saa mbili asubuhi ya Ijumaa, Inspekta Élodie Masika alikuwa amepiga magoti katika ua wa ofisi ya upelelezi, mbele ya chukudu, baiskeli kubwa ya mti ya kubebea mizigo, iliyomuua Benny Nsanzimana, na Kamanda Hilaire alikuwa amesimama nyuma yake akimzibia mwanga.

Chukudu yenyewe ilikuwa nzima isipokuwa upande wa mbele. Ubao wake mrefu wa mkaratusi ulikuwa bado na udongo wa viazi. Jumatano mchana Benny aliteremka nayo kutoka Kibumba akiwa na magunia matano, na kabla ya kufika Kibati gurudumu la mbele likakwama ghafla. Yeye alirushwa mbele, mzigo ukamfuata. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Hayo kila mtu Goma aliyajua. Lililobaki ni kujua kwa nini gurudumu lilikwama, na Hilaire aliona hata hilo limekwisha kujulikana.

"Inspecteur, unatafuta nini tena? Bague ilipasuka, mutu alikufa, mwenye kutengeneza bague iko mu kasho. Dossier imeisha."

"Bado masaa ine, Commandant."

"Masaa ine. Midi gari ya parquet inamubeba."

Aliondoka bila kungoja jibu. Hakuwa mtu mbaya, Hilaire. Alikuwa mtu wa kuogopa lango. Nje ya lango hilo wasukuma chukudu wapatao sitini walikuwa wamekaa tangu alfajiri, wamelaza chukudu zao barabarani, wakidai wapewe mtu waliyemwita muuaji wa mwenzao. Mtu huyo ni Gauthier Kamate, fundi wa mtaa wa Majengo, ambaye karakana yake iliteketezwa nusu Jumatano jioni. Gari la parquet, yaani la ofisi ya mashtaka, likimpeleka gerezani kabla ya kesi, angeweza kukaa miaka miwili bila kuitwa jina lake, kama angefika huko mzima.

Élodie alikuwa na miaka kumi na minne katika kazi hiyo, na wenzake walimwona msumbufu. Alikuwa na tabia ya kuhoji vyuma kabla ya watu. Mashahidi wana mashemeji na majirani, alikuwa akisema, chuma hakina.

Basi alianza na chuma. Katikati ya kila gurudumu la mti la chukudu hii palikuwa na pete nyeusi, bague kama mafundi wanavyoiita, na ndani ya pete ndimo ilimopita ekseli. Pete hizo ndizo kazi ya Gauthier. Aliagiza magunia ya punje za nailoni zilizochanganywa na nyuzi za kaboni, nyuzi fupi kuliko kope, zilizotolewa katika mabawa ya ndege kuukuu: mabawa yanakatwa, yanachomwa mpaka gundi yake iishe, nyuzi zinabaki, zinakatwakatwa na kuingizwa katika plastiki mpya. Gauthier aliziyeyusha na kuzimimina katika kalibu. Mtaani waliziita plastiki ya takataka, na tangu Jumatano jina hilo lilikuwa limegeuka kuwa ushahidi. Nyuzi zilizokwisha kufa angani, walisema, zimekuja kuua watu barabarani.

Pete ya mbele ilikuwa vipande vitatu. Élodie aliviunganisha juu ya gazeti, akachukua kile kipimo cha chuma chenye meno mawili alichorithi kwa baba yake, fundi wa mashine za kusaga huko Butembo. Pete mpya ya Gauthier ina unene wa milimita nne. Hii ilikuwa imelika mpaka nusu milimita, na upande mmoja haikufika hata hapo. Ikiwa nyembamba namna ile gurudumu huyumba, likiyumba linakamata uma wa mti, likikamata limekwisha. Mpaka hapo Hilaire alikuwa na haki.

Lakini hakuna aliyekuwa amefungua gurudumu la nyuma. Lilikuwa limepigiliwa misumari na boliti chini ya ubao, na lilimla nusu saa nzima na kucha mbili. Alipoitoa pete ya nyuma aliipima mara ya kwanza, akaipima mara ya pili, kisha akaipeleka kwenye mwanga. Milimita tatu nukta nane. Uso wake wa ndani ulikuwa laini, mweusi wa kumeremeta kidogo. Ukingoni palikuwa na namba ya toleo iliyogongwa, 14, na kwenye vipande vya pete ya mbele ilikuwa ileile 14. Zilitoka kalibu moja, gunia moja, siku moja. Zilipita barabara moja, chini ya mzigo mmoja, kwa wiki tisa. Moja ilikuwa karibu mpya na nyingine ilikuwa imeisha.

Basi kosa halikuwa katika plastiki. Élodie alijikataza kufurahi. Alizilaza ekseli mbili ubavu kwa ubavu juu ya gazeti. Ya nyuma ilikuwa nyeusi. Ya mbele iling'aa.

Katika kasho, chumba cha mahabusu cha ofisi, Gauthier alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, shati limechanika begani. Alikuwa mtoto wa walimu, alisomea ufundi Bukavu, na hakuwahi kusukuma chukudu siku moja maishani mwake. Élodie alimuuliza kama kuna kitu alichobadilisha katika toleo la 14. Alijibu hapana, na bila kuulizwa akaanza kueleza jinsi alivyozijaribu pete zake: miezi sita, mota ya zamani ikizungusha chuma ndani ya pete, jiwe la kilo mia limening'inizwa juu yake, yeye akipima kila asubuhi. Ilikuwa dhahiri kwamba hadithi hiyo alikwisha kuwasimulia walinzi wote.

"Siku za kwanza inakulika," alisema. "Inatoka unga mweusi. Kisha ule unga unashikama ku chuma, unafanya ngozi moja mwembamba sana. Chuma ikisha kuvala ile ngozi, bague inazunguka juu ya ngozi yake yeye mwenyewe, haigusi tena chuma. Kufika hapo haikulike tena, ao inakulika kidogo sana."

"Na zile nyuzi za ndege?"

"Zile njo zinashikilia ile ngozi. Ziko nguvu kama mupya, nilipima." Alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa amelifikiria tangu Jumatano. "Chuma ya Benny iko rangi gani?"

"Ya nyuma iko nyeusi. Ya mbele inangara."

Gauthier alisimama, ndoo ikaanguka.

"Kisha mezi mbili bado inangara? Hapana, mama inspecteur. Hiyo haiko chuma yake. Mutu alibadilisha."

Mtu wa kubadilisha alikuwapo, tena hakuwa mbali. Télesphore Habiyaremye alikuwa na duka Birere la kuuza rulema, yaani magololi ya chuma ndani ya duara, ambazo kabla ya Gauthier ndizo kila msukuma chukudu mwenye uwezo alizoziota. Katika maelezo ya majirani, ambayo Hilaire aliyasoma nusu, palikuwa na mstari mmoja: Jumanne, siku moja kabla ya ajali, Télesphore alionekana nyumbani kwa Benny akishika gurudumu la mbele.

Élodie aliifunga ekseli katika gazeti, akapanda pikipiki ya kukodi mpaka Birere. Saa nne na robo alikuwa mbele ya kaunta ya Télesphore, mtu mfupi mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya kipaji cha uso, ambaye aliendelea kufuta rulema kwa kitambaa kana kwamba polisi ni wateja wa kawaida.

Alikubali kila kitu upesi, na hilo lilimuudhi Élodie. Ndiyo, alikwenda Jumanne. Ndiyo, alifungua gurudumu, kwa sababu alitaka kumwonyesha Benny kwamba plastiki inaisha, na kwa kweli aliona imebaki nyembamba, akamwambia. Benny alicheka, akasema Jumatatu ijayo atanunua nyingine kwa Gauthier. Élodie alimuuliza kwa nini hakumwambia mtu yeyote. Télesphore akasema aliyesikia angedhani anataka tu kuuza rulema zake.

"Na chuma? Ulibeba ya zamani, ukatia ingine?"

"Mi? Juu ya nini?"

"Juu ya Gauthier alikuharibia kazi."

Hapo aliacha kufuta. Aliomba aione ekseli. Élodie alimpa, mkono wake mwingine ukiwa tayari juu ya pingu. Télesphore alishusha miwani ya pili, akaingia nyuma ya duka, akarudi na fimbo mpya ya chuma ya kipimo kilekile, akaziweka zote mbili mbele yake. Pengine alijua kwamba mwanamke yule angewaamini zaidi wale wawili wa chuma kuliko yeye.

Élodie alizipima. Mwisho wa ekseli ya Benny, pale ambapo uma huishika, unene ulikuwa sawa na wa fimbo mpya. Katikati, pale penye gurudumu, ilikuwa imepungua karibu nusu milimita. Pete ya plastiki haiwezi kula chuma namna hiyo. Akaomba kioo cha kukuza, na Télesphore akampa chake.

Mikwaruzo ilikuwa mingi, midogo, imepandana. Kinachozunguka huchora kwa kuzunguka. Mikwaruzo ya gurudumu ingezunguka ekseli kama mistari ya shingo ya chupa. Hii ilikwenda kwa urefu, kutoka ncha moja kuelekea nyingine, kwenda na kurudi. Ilikuwa kazi ya mkono. Wala haukuwa mkono wa siku moja. Kupunguza chuma kile kwa nusu milimita kwa kusugua kulitaka siku nyingi, na mtu mwenye subira, na mtu ambaye ekseli ile ilikuwa mikononi mwake mara kwa mara. Hakuna aliyeibadilisha. Ilikuwa ileile, ila kila ilipojivika ngozi yake mtu aliivua, na kila ilipovuliwa pete ilianza upya siku zake za kwanza, zile za kulika, safari hii juu ya chuma chenye meno ya tupa.

Alimrudishia Télesphore kioo chake. Hakumpenda, na ingemrahisishia siku kama mtuhumiwa angekuwa yeye, lakini hakuwa yeye.

"Banasugua hizi chuma?" aliuliza.

Télesphore alimtazama kama mtu aliyeulizwa iwapo watu hula.

"Inspecteur, we unatokea Butembo? Kila samedi. Njo sheria ya association yabo. Lundi muzee wa association anapita, anaangalia chuma ya mbele. Kama iko nyeusi, unakaa nyuma ya mulongo, unabeba mwisho. Tangu wakati ya mafuta ya vidange, ile chafu yenye kutoka mu motere. Uchafu ilikuwa inakula muti."

Élodie aliuliza kama wengine wenye pete za Gauthier nao walizisugua. Kumi na mmoja walikuwa nazo. Télesphore alisema wengi wao hupitisha kitambaa na mate, wakakaa nyuma ya mlolongo bila haya. Uvivu wao ndio uliowaweka hai, na hapana mtu angewasifia kwa hilo. Lakini Benny alikuwa wa kwanza kila Jumatatu. Chuma chake kilisifiwa mbele ya wenzake wote.

"Alikuwa anasugua yeye mwenyewe?"

Télesphore alivua miwani yote miwili. Alisema Benny alikuwa analala kila Jumamosi tangu saa kumi, kwa uchovu, na kwamba jambo hilo asimlazimishe kulisema.

Nyumba ya Dancille Uwingabire, mama yake Benny, ilikuwa katika mtaa wa Virunga, imejengwa juu ya lava, ukuta wa mbao uliopakwa rangi nyeusi chini na buluu juu. Turubai la kilio lilikuwa limefungwa uani. Chini yake wanawake wa kanisa waliimba polepole, na wanaume waliongea juu ya jeneza na saa ya mazishi, ambayo ilikuwa saa nane siku hiyo hiyo. Élodie alivua kofia, akasalimu, akapewa kiti cha plastiki. Saa yake ilionyesha saa tano na dakika kumi.

Alikuwa na dakika chache na hakutaka kuzitumia. Kandokando ya ukuta sufuria za nyumba zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, zimeinamishwa, na matako yake, ambayo katika nyumba nyingine ni meusi kwa moshi, yaling'aa. Chini ya sufuria ya mwisho palikuwa na sahani ya majivu iliyochanganywa na mchanga mwembamba mweusi wa lava, na kipande cha gunia kimekunjwa juu yake.

Dancille alikuwa ameketi juu ya mkeka, miguu imenyooshwa, kitambaa cheupe kichwani. Alitoka Kalengera miaka kumi iliyopita akiwa mjane na mtoto mmoja. Alimtambua Élodie, akamwomba asogee.

"Mulimupata mwenye kumuua?"

Élodie alipiga magoti kwenye mkeka. Angeweza kuuliza kwa kuzunguka, alijua namna kumi za kufanya hivyo, na aliona aibu kwa kila moja. Akauliza waziwazi nani alikuwa anasafisha chuma cha mbele cha chukudu.

"Mimi," alisema Dancille. Sauti yake ilipanda kidogo, kwa fahari. "Kila samedi. Yeye anachoka, analala, mi nafungula gurudumu, nasugua na majivu na muchanga mpaka naona uso yangu. Hata rafiki zake banajua. Chuma ya Benny haiko na uchafu hata kidogo."

Wanawake waliokuwa karibu waliitikia kwamba ni kweli.

Ingekuwa rahisi kumshukuru na kuondoka. Faili lingekwenda na gari la saa sita, Gauthier angekwenda nalo, na mama huyu angemzika mwanawe akiwa na mtu wa kumchukia, jambo ambalo humsaidia mfiwa kuliko watu wanavyokubali. Élodie aliliona hilo lote. Kisha akamwomba Dancille waingie ndani, wawili peke yao.

Ndani alimweleza kwa maneno machache kadiri alivyoweza, na yalikuwa mengi mno. Kwamba ile nyeusi haikuwa uchafu. Kwamba ilikuwa ngozi ya kulinda, nayo hutengenezwa na pete yenyewe. Kwamba ya nyuma, ambayo hakuna aliyeigusa, ilikuwa nzima. Alimwambia pia kwamba sheria ya kusugua ilikuwa nzuri zamani, kwamba hakuna aliyemwambia imebadilika, kwamba yeye hakukosea kitu. Alilirudia hilo la mwisho mara mbili na kulisikia likianguka chini.

Nje wimbo mmoja uliisha, mwingine ukaanza.

"Kama sikusugua," alisema Dancille, "angefika?"

Élodie Masika alikuwa amewadanganya wezi, wauaji na makamanda watatu. Alifungua mdomo kumdanganya na huyu, akashindwa.

"Angefika, Mama Benny," alisema.

Mwanamke alipiga ukelele mmoja, mfupi, akaubana kwa kiganja. Kisha akainama akatafuta viatu vyake chini ya kitanda. Alipotoka nao miguuni, wanawake walisimama wote pamoja. Mama mfiwa hatoki kwenye mkeka kabla ya mazishi. Mzee mmoja alinyoosha mkono kumzuia. Dancille alimpita, akauliza pikipiki ya inspekta iko wapi.

Walifika saa tano na dakika hamsini. Gari la parquet lilikuwa limekwisha ingia uani, na Gauthier alikuwa amesimama kando yake, amefungwa mikono. Wasukuma chukudu walipomwona mama ya Benny kwenye pikipiki, na kitambaa chake cheupe, walifungua njia. Walidhani amekuja kumtazama muuaji.

Mezani kwa Hilaire, Dancille alisimulia kisa chote kwa sauti kavu, na Élodie akaandika. Hilaire alisikiliza akiwa ameshika kalamu yake kinywani. Alitazama pete mbili, akatazama dirishani, na akasema kwamba watu wa nje watataka jina.

"Andika yangu," alisema Dancille. "Majina yote mbili."

Gauthier, aliyeletwa kusikia maelezo hayo, sasa angekuwa mtu huru kwa kunyamaza dakika moja tu. Hakunyamaza.

"Commandant, andika na yangu. Nilibaambia basitie mafuta. Sikubaambia basisugue. Sikujua kama banasugua. Nilipima mezi sita ku mashine, sikuenda hata siku moja ku nyumba ya mutu mwenye kusukuma."

Élodie aliandika na hayo, neno kwa neno, kwa sababu yalikuwa kweli. Saa sita ilipita. Hilaire alisoma karatasi zote mbili, akazisoma tena, kisha akalichana agizo la kumhamisha na kumwamuru mlinzi amfungue mikono. Dereva wa parquet aliambiwa arudi mtupu.

Likabaki lango. Hilaire alisema fundi alale pale mpaka watu watawanyike. Dancille alimshika Gauthier mkono wa shati, palepale palipochanika, akamvuta mlangoni, akatoka naye uani mpaka barabarani, polepole, katikati ya watu sitini, akiwatazama mmoja mmoja. Élodie aliwafuata hatua mbili nyuma, mkono juu ya silaha. Hakuna aliyeokota jiwe.

Mwisho wa mlolongo wa chukudu, Dancille alimwachia.

"Mazishi iko saa munane," alimwambia. "Utakuya. We njo utabeba musalaba mbele ya Benny."